Nani Anaanza Sentensi? Umbo la Kipindi cha Kiingereza Darasani Msasani

Kipindi cha Kiingereza kina umbo lake, sawa na shairi au tamthilia. Kina ufunguzi, kina wahusika, kina kibwagizo kinachorudiwa na kina mwisho unaotabirika. Tunapokijadili, aghalabu tunauliza kama vitabu vilitosha, kama mada ilifaa, au kama mwalimu mwenyewe anakimudu Kiingereza. Maswali hayo yana uzito. Hata hivyo, umbo nalo hufundisha, na hufundisha kwa nguvu kubwa kwa sababu mtoto hulirudia kila siku bila kuambiwa kwamba hilo nalo ni somo. Katika uhakiki huu nataka kulisoma umbo hilo kwa karibu, kauli kwa kauli, nikiliweka mahali panapojulikana: kata ya Msasani, Tukuyu, wilayani Rungwe.

Hapo Kiingereza ni lugha ya kigeni kwa maana kamili. Watoto wengi huanza maisha kwa Kinyakyusa, hukutana na Kiswahili sokoni, kanisani na shuleni, na Kiingereza hukikuta ubaoni. Tangu 1967 shule nyingi za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo mojawapo. Mtoto akifika kidato cha kwanza mambo hugeuka: baiolojia, jiografia na hisabati zote humjia kwa Kiingereza. Mwaka 1984 ripoti ya Criper na Dodd ilisema wazi kwamba Kiingereza cha wanafunzi wa sekondari nchini hakikutosha kubeba masomo mengine. Kwa hiyo kipindi kimoja cha dakika 40 katika shule ya msingi kinadaiwa mengi kuliko vipindi vingine vyote, na hiyo ni sababu tosha ya kuchunguza kimejengwaje.

Matini yenyewe

Tuseme ni darasa la nne, asubuhi. Mwalimu anaingia, darasa linasimama.

– Good morning, pupils.
– Good morning, teacher.
– How are you?
– We are fine, thank you, teacher. And how are you?
– I am fine. Sit down.
– Thank you, teacher.
– This is a cup. What is this?
– This is a cup!
– Again!
– This is a cup!
– We use a cup to drink…?
– Tea!
– Are we together?
– Yes, teacher!

Yeyote aliyesoma shule ya msingi Tanzania atayatambua mazungumzo haya, hata kama kikombe kilikuwa kalamu au yai. Tuyasome sasa kama matini.

Jambo la kwanza ni nafsi. Wanafunzi husema kwa nafsi ya kwanza wingi tu. Mwalimu ana nafsi yake ya umoja, anasema yeye hajambo, lakini hakuna mtoto anayesema habari zake mwenyewe. Mwenye homa na aliyeamka na furaha wanatoa jibu lile lile kwa pumzi moja. Hapo darasa zima ni mhusika mmoja mwenye sauti kubwa na asiye na habari.

Jambo la pili ni nafasi ya mwanafunzi ndani ya sentensi. Mwalimu anaianza, anaijenga, anaifikisha ukingoni, kisha anapandisha sauti na kusimama. Mtoto anadondosha neno la mwisho. Kiima kimechaguliwa na mwalimu, kitenzi kimechaguliwa na mwalimu, wakati umechaguliwa na mwalimu. Kilichobaki ni nomino moja, nayo ni ile ambayo kila mtoto tayari anaijua. Kisarufi, mtoto huyu hajatunga kitu. Amekamilisha sentensi ya mtu mwingine.

Jambo la tatu ni aina ya swali. Mwalimu anaulizia kitu anachokijua, na wanafunzi wanajua kwamba anakijua. John Sinclair na Malcolm Coulthard walieleza muundo huu mwaka 1975, walipochunguza rekodi za madarasa ya Uingereza: mwalimu anauliza, mwanafunzi anajibu, mwalimu anatathmini. Hatua tatu, na katika hizo mbili ni za mwalimu. Muundo huo upo London na upo Tukuyu. Tofauti ni kwamba mtoto wa London akitoka darasani anauliza, anabisha, anaomba na kukataa kwa Kiingereza siku nzima. Wa Msasani hana Kiingereza kingine nje ya zile hatua tatu. Muundo ambao kwa mwenzake ni sehemu ndogo ya lugha, kwake ndiyo lugha yote.

Kuna kauli moja inayotoka nje ya mpangilio huu: wanafunzi wanamuuliza mwalimu hali yake. Katika kipindi chote hilo ndilo swali pekee linaloanzia upande wa madawati. Nalo limekaririwa, limetamkwa na wote kwa pamoja, na jibu lake halimshughulishi yeyote. Mlango wa mwanafunzi kuuliza umejengwa kabisa ndani ya umbo, lakini hautumiki.

Utetezi wa kiitikio

Ingekuwa dhuluma kuishia hapo na kumlaumu mwalimu. Kiitikio, yaani huku kujibu kwa pamoja, kina sababu zake, na mhakiki anayelisoma umbo bila kuona linatatua nini huwa amelisoma nusu.

Darasa lina wanafunzi wengi, watatu au zaidi kwenye dawati moja, na vitabu havimfikii kila mtoto. Kiitikio kinampa kila mmoja nafasi ya kufungua kinywa. Kinamlinda mwenye haya, kwa kuwa kosa lake linamezwa na sauti za wenzake. Kinamlinda na mwalimu ambaye naye alisomeshwa Kiingereza kwa njia hiyo hiyo na hana hakika na kila sentensi. Keith Chick, aliyechunguza madarasa ya Waafrika huko KwaZulu wakati wa ubaguzi wa rangi, alionyesha katika maandishi yake ya 1996 kwamba mazungumzo ya kuitikia pamoja huwapa mwalimu na wanafunzi usalama: heshima ya kila mmoja inabaki salama, na wote wanaonekana wamefanya kazi, ingawa maarifa hayajasogea. Hilo ni jambo la kibinadamu, si uvivu.

Tena kiitikio kina kazi ambayo hakuna umbo lingine linaloiweza vizuri zaidi. Mdundo wa Kiingereza, ambao hukaza silabi moja na kuzimeza nyingine, haushikwi kwa maelezo. Unashikwa kwa kurudia pamoja, kwa makofi, kwa mwili. Dakika tano za kiitikio ni hazina. Dakika 40 za kiitikio ndizo tatizo, kwa kuwa umbo lililofaa kulegeza ulimi linakuwa limefunga fikra.

Wahusika katika andalio la somo

Kabla kipindi hakijasemwa huwa kimeandikwa. Mwalimu mwanafunzi wa Chuo cha Ualimu Mpuguso au cha Tukuyu anapokwenda BTP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni, hubeba andalio la somo, na mwalimu mzoefu naye huandaa lake. Katika muundo uliozoeleka chini ya mtaala wa 2005, andalio lina hatua tano: utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha maarifa, tafakuri na hitimisho. Kila hatua ina muda wake, vitendo vya kufundishia, vitendo vya kujifunzia na upimaji.

Muundo huo ni mzuri. Umempa mwanafunzi safu yake kamili, sambamba na ya mwalimu. Lakini tusome vitenzi vinavyozoeleka kuandikwa humo. Upande wa mwalimu kuna kuongoza, kueleza, kuonyesha, kuuliza, kusahihisha. Upande wa mwanafunzi kuna kusikiliza, kurudia, kujibu, kunakili, na kile kitenzi kinachojaza nafasi yoyote iliyobaki, kushiriki. Kila kitenzi cha safu ya pili kinakisubiri cha safu ya kwanza. Huwezi kujibu kabla hujaulizwa, wala kurudia kabla kitu hakijasemwa. Ukifuta safu ya mwalimu, ya mwanafunzi inabaki haina maana. Jaribu kuandika upande huo vitenzi vinavyosimama vyenyewe, kama kuuliza, kutega, kusimulia, kukanusha, kuagiza, na utaona safu ya mwalimu nayo inalazimika kubadilika. Mtaala ulioboreshwa wa 2023 unasisitiza umahiri. Umahiri wa lugha utapatikana pale vitenzi vya mtoto vitakapoacha kuwa mwangwi wa vitenzi vya mwalimu.

Ubao wa matangazo mlangoni

Mtoto akivuka kwenda sekondari, hukutana na matini nyingine fupi zaidi. Katika shule nyingi nchini, mlangoni pa ofisi ya walimu, pamebandikwa maneno manne: "No English, no service." Shule inakusudia kumsukuma mwanafunzi azungumze. Tusome kile ilichomwandikia.

Tangazo hilo halina kitenzi. Halina kiima, halina nafsi, halina wakati. Lina nomino mbili na ukanushi mara mbili, basi. Mwanafunzi aliyekuja kuomba ruhusa ya kwenda zahanati anasoma Kiingereza kilichowekwa mahali pa wazi kabisa shuleni, na ndani yake hapati hata kipande kimoja cha kuombea ruhusa. Amepewa sharti, hajapewa sentensi. Laiti karatasi hiyo hiyo ingekuwa na mianzo mitano ya kuomba, kueleza na kuuliza, ingekuwa somo linaloning'inia mlangoni bila gharama yoyote.

Sharti hilo lina historia. Mwaka 1961 ulifanyika Makerere mkutano wa nchi za Jumuiya ya Madola kuhusu ufundishaji wa Kiingereza. Robert Phillipson, katika kitabu chake cha 1992, alidondoa imani tano zilizotawala fikra za mkutano huo na kuzikosoa: kwamba Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza pekee, kwamba mwalimu bora ni mzawa wa lugha hiyo, kwamba kuanza mapema ni bora, kwamba kadiri kinavyozidi ndivyo bora, na kwamba lugha nyingine zikitumika kiwango kitashuka. Imani ya kwanza na ya mwisho bado zimo katika umbo la kipindi. Mtoto anapokatazwa lugha anayofikiria, anakatazwa mahali sentensi inapoanzia. Kinachobaki kwake ni kungoja mwalimu aanze, naye amalizie.

Umbo tulilokuwa nalo

Inashangaza kwamba jamii zetu zina umbo la kuitikiana ambalo limetatua tatizo hili tangu zamani. Mmoja anasema "Kitendawili!" Wengine wanaitika "Tega!" Kwa sikio la haraka, hicho ni kiitikio kama kile cha darasani: sauti moja, kisha sauti nyingi. Tukikisoma kwa makini, tunaona kimejengwa kwa namna nyingine kabisa.

Kwanza, itikio la wengi ni ruhusa. Mtegaji hawezi kuendelea mpaka waseme "Tega." Pili, swali ni la kweli, kwa kuwa wasikilizaji hawana jibu na huenda wakashindwa. Tatu, kushindwa kuna njia ya heshima: mtegaji anadai mji, anapewa, anatamba nao kidogo, kisha anafumbua. Kosa halimezwi na kelele wala haliadhibiwi, linaleta raha. Nne, na hili ndilo kubwa, kiti cha mtegaji kinazunguka. Mtoto mdogo kuliko wote anaweza kukikalia, na babu akawa ndiye anayekuna kichwa.

Darasa lilichukua sauti ya umbo hili likaacha mzunguko wake. Kurudisha mzunguko huo ni mbinu ya kufundishia inayowezekana kesho asubuhi Msasani, kwa chaki na daftari. Mwalimu wa darasa la tano anatega kimoja kwa Kiingereza chepesi: "I come in the morning. I sit on the mountain. I go when the sun is hot. What am I?" Mtoto anayeishi chini ya mlima Rungwe hahitaji kamusi ili kuujua ukungu. Kisha kila dawati linatunga chake kuhusu mgomba, chai, mvua au basi la Kyela, na kulitegea dawati la nyuma. Tazama kilichotokea kisarufi. Nafsi ya kwanza umoja, iliyokosekana katika salamu, sasa ndiyo kiima cha kila sentensi. Wakati uliopo wa mazoea unarudiwa mara nyingi kama katika kiitikio, lakini kila marudio yana habari mpya. Na swali la mwisho linaulizwa na mtu ambaye wenzake kweli wanamhitaji awajibu.

Maumbo mengine yanayogeuzika

Kipimo hicho cha nani anaanza kinaweza kutumika kwa mbinu yoyote, hata zile tunazozidharau kwa ukongwe.

Chukua jedwali la sentensi. Harold Palmer alichapisha majedwali yake 100 mwaka 1916, na tangu hapo yamezunguka dunia nzima. Safu ya kwanza ina viima, ya pili vitenzi, ya tatu yambwa, ya nne mahali au wakati. Safu nne zenye maneno matatu matatu hutoa sentensi 81, zote sahihi. Nguvu ya jedwali ni hiyo, na udhaifu wake ni huo huo: mtoto hawezi kukosea, wala hawezi kumaanisha. Anasema kwamba dereva anauza maziwa Tukuyu kwa kuwa maneno yamepangana hivyo, bila kujali kama ni kweli. Acha safu ya kwanza wazi. Mtake mtoto aijaze na mtu anayemfahamu, na sentensi iwe ya kweli. Jirani yake aulize swali moja juu yake: wapi, lini, kwa nini. Muundo unabaki ule ule, ulinzi dhidi ya makosa unabaki sehemu kubwa, lakini mwanzo umehamia kwa mtoto.

Chukua imla. Kwa desturi mwalimu anasoma, darasa linaandika, na kila alama inapatikana kwa kufanana naye. Ruth Wajnryb, mwaka 1990, alieleza namna ya kuigeuza: kifungu kifupi kinasomwa mara mbili kwa mwendo wa kawaida, wanafunzi wanadaka maneno machache, kisha wawili wawili wanakijenga upya kwa sentensi zao. Lengo ni kupata maana ile ile kwa sarufi sahihi. Hapo mabishano kuhusu kitenzi yanazuka yenyewe dawatini, na mabishano hayo ndiyo sarufi inayofundishika.

Chukua matamshi. Kinyakyusa kina irabu saba, na urefu wa irabu hutofautisha maana. Kiswahili kina tano. Mtoto anayekijua Kinyakyusa, anapokutana na tofauti ya "ship" na "sheep", ana sikio lililozoea kutenganisha irabu mbili za mbele ambazo msemaji wa Kiswahili pekee huzisikia kama moja. Hiyo ni mali. Lakini kiitikio cha watoto 60 kinaifukia, kwa kuwa ndani ya kelele hiyo irabu zote hufanana. Mwalimu atamke, watoto wanyooshe kidole kimoja au viwili kuonyesha walichosikia. Kisha mtoto mmoja atamke, na wenzake wanyooshe. Akikosea, vidole vitamwambia papo hapo, bila mwalimu kutoa neno la lawama.

Chukua hata mvua. Tukuyu ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi sana Tanzania, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mabati yanapoanza kupigwa, sauti ya mwalimu hupotea na kiitikio hufa. Kipindi kinachotegemea sauti moja kwenda kwa wengi hakina pa kushika. Kipindi cha dawati kinaendelea. Mmoja anaandika swali daftarini na kulisogeza, mwenzake anaandika jibu pamoja na swali lake, daftari linarudi. Mvua ikikatika, mwalimu ana ushahidi wa maandishi wa kila mtoto alichoweza kuanza peke yake.

Na Kiswahili je? Kiwe mahali sentensi inapoanzia. Watafiti wa Tanzania na Uingereza, Casmir Rubagumya akiwa mmoja wao, waliandaa vitabu vya kidato cha kwanza vinavyompa mwanafunzi msamiati kwa lugha zote mbili na kumruhusu ajadili kwa Kiswahili kabla ya kuandika kwa Kiingereza. Mantiki yake ni ya umbo. Mwanafunzi aliyekwisha kusema wazo lake ana kitu cha kukivusha. Ndiyo maana sentensi ya kwanza ya Kiingereza inayostahili kukaririwa na kila mtoto wa Msasani ni "How do we say this in English?" Huo ni mwanzo ulio mikononi mwake, na unafungua mianzo mingine yote.

Hukumu

Mbinu hizi hazihitaji projekta wala mgeni kutoka ng'ambo. Zinahitaji mwalimu anayekubali kunyamaza katikati ya kipindi, na mfumo unaomheshimu anaponyamaza. Hilo la pili ni gumu zaidi. Katika mtihani wa darasa la saba sehemu kubwa ya maswali ni ya kuchagua jibu, na kuchagua jibu ni kumalizia sentensi ya mtu mwingine kwa kalamu. Mthibiti ubora wa shule akipita dirishani na kusikia darasa linanguruma kwa pamoja, hudhani kazi inafanyika. Akikuta minong'ono ya dawati kwa dawati, hudhani mwalimu ameshindwa kulitawala darasa.

Nadai basi kipimo kingine. Mthibiti ubora wa shule aketi nyuma ya darasa na kuhesabu jambo moja: sentensi za Kiingereza zilizoanzishwa na wanafunzi. Azihesabu ziwe sahihi au zenye makosa, za maneno matatu au za maneno kumi. Chuo cha ualimu kifanye hivyo hivyo kinapompima mwanafunzi wake wa BTP, na mwalimu ajipime mwenyewe mwisho wa juma. Kipindi chenye sentensi 30 za namna hiyo, nusu yake zikiwa na makosa, ni bora kuliko kipindi ambacho darasa zima limesema "This is a cup" mara 30 bila kosa hata moja. Makosa ya kipindi cha kwanza yanaweza kusahihishwa, maana yana mwenyewe aliyetaka kusema jambo. Usahihi wa kipindi cha pili ni wa mwalimu, na mtoto hataondoka nao kwenda kidato cha kwanza.